Uhariri, Uchapishaji na Chapa: Mwandishi wa Hadithi Aanze na Lipi?

Kila mara Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inapotangaza kupokea miswada, maswali ya waandishi chipukizi hapa Dodoma huwa ni yale yale. Utayasikia kwenye steshenari za jirani na vyuo, utayasoma kwenye makundi ya WhatsApp, utaulizwa hata ukiwa kwenye daladala. "Nimemaliza riwaya yangu, nani anachapisha kwa bei nafuu?" "Nianze na ISBN, ile namba ya kitabu, au COSOTA, ofisi ya hakimiliki?" "Nikimpa mhariri, si ataniibia hadithi?" Washindi wa kwanza wa tuzo hiyo walitunukiwa Aprili 13, 2023, tarehe aliyozaliwa Mwalimu. Zawadi ya mshindi wa kwanza ilikuwa shilingi milioni 10, pamoja na kuchapishiwa kitabu ili kifike shuleni. Ni jambo jema sana kwa fasihi yetu, na ndiyo sababu inauma kuona mswada wenye hadithi nzuri ndani yake ukikwama kwa kuwa mwenyewe alianzia mwisho.

Maswali yote matatu yanatoka kwenye mkanganyiko mmoja: kazi za watu watatu zimechukuliwa kuwa kazi ya mtu mmoja. Wa kwanza ni mhariri. Huyu hushughulika na maandishi yenyewe, kuanzia mpangilio wa hadithi hadi nukta ya mwisho. Wa pili ni mchapishaji, yaani mtu au kampuni inayotoa fedha ili mswada uwe kitabu, inayoingia mkataba na mwandishi, inayobeba hasara kitabu kisipouzika na inayohangaika kukifikisha dukani. Wa tatu ni mpiga chapa, mwenye mashine. Unampelekea faili, anakurudishia vitabu. Hakulipwa aisome hadithi yako, na ukimpa faili lenye makosa 300, atayatoa hayo hayo 300 kwenye kila nakala.

Kwa hiyo anayeuliza nani anachapisha kwa bei nafuu, mara nyingi anamtafuta mpiga chapa huku akiamini anatafuta mchapishaji. Akishalipa, yeye mwenyewe ndiye mchapishaji: fedha ni zake, hasara ni yake, na maboksi ya vitabu yatakaa chumbani kwake. Kujichapishia hakuna ubaya wowote, na wapo waliofanya hivyo wakafika mbali. Ubaya ni kuishika kazi hiyo bila kujua kwamba umeishika.

Halafu kuna utaratibu. Anayejenga Nala au Iyumbu anajua kwamba mabomba ya nyaya za umeme hulazwa ukutani kabla ya plasta. Ukitanguliza plasta, fundi umeme atakuja na patasi kuichimba, nawe utailipia mara mbili. Mswada nao una mpango wake: kwanza hadithi, kisha sentensi, kisha herufi, kisha mpangilio wa kurasa, na mashine mwisho kabisa. Mwandishi anayelipia kusahihishiwa tahajia ya sura ambayo baadaye itafutwa yote, fedha yake imepotea.

Hadithi kwanza

Mtu akisikia uhariri hufikiria kalamu nyekundu ya shuleni: herufi kubwa, nukta, mkato. Hiyo ni ngazi ya mwisho, nayo huitwa usomaji wa prufu. Kabla yake zipo ngazi mbili, na hizo ndizo zinazoamua kama msomaji atafika ukurasa wa 20. Ya kwanza ni uhariri wa muundo, unaouliza kama hadithi inasimama: je, imeanzia mahali panapostahili, mhusika anataka nini, tukio hili limezaa lipi? Ya pili ni uhariri wa lugha na mtindo, unaopita sentensi moja baada ya nyingine.

Maelezo matupu hayatoshi. Hii hapa aya niliyoitunga kwa ajili ya makala haya, inayofanana na nyingi zinazopita mezani kwangu:

"Nyemo alikuwa msichana mrembo sana mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Alikuwa akiishi Hombolo na baba yake ambaye alikuwa mkulima wa zabibu. Siku moja alikuwa amekaa nje ya nyumba yao akiwa na huzuni sana kwa sababu baba yake alikuwa ameamua kuuza shamba. Moyo ulimuuma sana. 'Baba, kwa nini unauza shamba uliloachiwa na babu mwaka 1998, ambalo ndilo linalotusomesha mimi na mdogo wangu?' aliuliza kwa uchungu. 'Nyamaza! Mtoto wa kike huwezi kunifundisha kazi!' alifoka baba kwa hasira."

Kisarufi aya hii haina kosa la kutisha. Msomaji wa prufu ataipitisha. Mhariri wa muundo ataisimamisha hapo hapo, na atakuwa na maswali. Uamuzi wa kuuza shamba, jambo zito kuliko yote katika sura hii, umeshapita kabla hatujafika. Sisi tunapewa taarifa tu. Nani ananunua? Kwa nini sasa? Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Baba anayeuza shamba majuma mawili kabla ya mavuno ana shida isiyosubiri. Anayeuza baada ya mavuno mabaya mawili mfululizo amechoka. Hao ni akina baba wawili tofauti, na mwandishi lazima amchague mmoja. Kisha Nyemo mwenyewe: anataka nini, na atafanya nini ili akipate? Akiwa hana la kufanya zaidi ya kusikitika, sura nzima itakaa pale nje ikisikitika pamoja naye.

Mazungumzo nayo yana kasoro ambayo ni ugonjwa mkubwa katika miswada ya wanaoanza. Nyemo anamweleza baba yake mambo ambayo baba anayajua vizuri kuliko yeye. Katikati ya ugomvi hakuna anayemtajia baba mwaka alioachiwa shamba. Maneno hayo ameambiwa msomaji, na msomaji anagundua mara moja kwamba anasemeshwa yeye. Isitoshe, binti wa Hombolo hamkabili baba yake namna hiyo. Atapitia kwa shangazi, au atauliza jambo dogo lenye uzito mkubwa. Adabu ya mahali inampa mwandishi kazi nzuri zaidi kuliko kelele.

Hapo ndipo ngazi ya pili inapoingia. "Alikuwa" limetokea mara tano, "sana" mara tatu, na hisia zote zimetajwa kwa majina yake: huzuni, uchungu, hasira. Tukiirudia aya baada ya kuyajibu maswali ya muundo, inaweza kuwa hivi:

"Mnunuzi alikuja na tepu. Nyemo alimwona akiivuta kutoka kwenye mbuyu hadi mstari wa kwanza wa mizabibu, na aliyeshika ncha ya pili alikuwa baba.

'Mistari ya babu nayo imo?'

Baba hakuachia tepu. 'Mgeni ana kiu. Mletee maji.'"

Mwaka 1998 umetoweka, urembo umetoweka, na hakuna aliyefoka. Lakini tumejua shamba ni la urithi, tumejua baba ameshakubali, na tumejua hataki kuulizwa mbele ya mgeni. Umri wa Nyemo na ada ya mdogo wake vitapata nafasi yake ukurasa wa pili au wa tatu, pale vitakapohitajika.

Nisieleweke vibaya. Ushauri wa "onyesha, usisimulie" umezungushwa mno, hadi wapo wanaoona haya kusimulia kabisa. Sisi tumelelewa na wasimulizi, na msimulizi mwenye sauti anaweza kuvuka miaka kwa sentensi mbili. Ukiandika kuhusu njaa ya Mtunya iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920, huwezi kuonyesha kila siku yake. Bibi anayekumbuka atasimulia, na atafanya vizuri. Kipimo changu ni hiki: jambo linalobadilisha maisha ya mhusika lionyeshwe, likitokea mbele ya macho yetu, na muda unaopita kati ya mambo mawili ya namna hiyo usimuliwe upite.

Ngazi ya tatu haihitaji maneno mengi. Makosa yanayojirudia yanafahamika: "alafu" badala ya halafu, "kwaiyo" badala ya kwa hiyo, "ana kuja" iliyokatwa vipande viwili, "alie" badala ya aliye, "zambi" badala ya dhambi, r na l kubadilishana viti. Mengi yameingia kutoka kwenye ujumbe wa simu. Msomaji wa prufu mzuri huyakamata, mradi tu apewe mswada ambao hautabadilika tena.

Ukweli wa mahali

Kuna kazi moja ambayo wengi huisahau, na ambayo mhariri wa nje ya mkoa anaweza asiiweze: kuhakikisha kwamba mambo ya kweli yaliyomo kwenye hadithi ya kubuni ni ya kweli. Hadithi inaruhusiwa kubuni watu. Mvua ya Dodoma hairuhusiwi kuibuni. Msimu wetu ni mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na riwaya inayofunguka kwa mafuriko ya Julai kule Bahi itafungwa na msomaji wa Bahi kabla hajageuza ukurasa. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, kwa hiyo mhusika wako hawezi kushuka nayo mwaka 2019 akitokea Pwani. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018. Mtendaji wa riwaya inayotokea 2010 bado anafanya kazi chini ya manispaa. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007, basi mama wa miaka 60 hakusoma hapo alipokuwa msichana.

Weka daftari pembeni unapoandika. Andika humo jina la kila mhusika na umri wake, miezi inakopitia hadithi, kijiji kiko upande gani wa barabara, nani anamwita nani shangazi. Ni daftari la kawaida tu la kaunta, lakini litakuokoa na mhusika anayeitwa Mazoya sura ya pili na Masinjila sura ya tisa.

Na lugha ya mahali itumike kwa kipimo. Mzee akiwakuta watu wamekaa akasema "Mbukwenyi", msomaji wa Mtwara ataelewa kwamba wamesalimiwa, hata kama hajawahi kufika Chamwino. Hakuna haja ya mabano wala ya tafsiri. Lakini ukijaza Cigogo, lugha ya Wagogo, kila mstari ili kuthibitisha kwamba unakijua, utamwacha nje.

Nani apewe mswada

Ukimaliza rasimu ya kwanza, usimpe mtu yeyote. Iweke kando majuma kadhaa, kisha uisome yote kwa sauti. Sikio la Kiswahili ni kali kuliko jicho. Mahali unapokosa pumzi, sentensi imerefuka, na mahali unapotamani kuruka, msomaji naye ataruka. Rekebisha. Baada ya hapo tafuta wasomaji wawili au watatu wanaopenda kusoma hadithi, ambao si lazima wawe wasomi, na uwaombe jambo moja tu: waweke alama pale walipochoka na pale walipochanganyikiwa. Usiwaulize kama ni nzuri. Watasema ni nzuri, kwa sababu wanakupenda.

Je, mwalimu wa Kiswahili anatosha kuwa mhariri? Mara nyingi ni msomaji wa prufu mzuri sana, na ukimpata anayejitoa umebahatika. Lakini kufundisha ngeli za nomino na kujua kwa nini sura ya nne inalegea ni ujuzi tofauti. Mwulize ameshahariri hadithi gani. Mhariri yeyote unayetaka kumlipa mwombe kwanza akuharirie kurasa mbili au tatu za mswada wako, kisha mwandikiane: atafanya ngazi ipi, kwa muda gani, kwa bei gani, na kama bei hiyo ni ya kupitia mara moja au mara mbili. Ugomvi mwingi kati ya waandishi na wahariri huzuka kwa sababu mmoja alilipia prufu huku akitarajia muundo.

Siku hizi wapo wanaokabidhi mswada mzima kwa programu za akili mnemba. Kwa kusaka tahajia zinaweza kusaidia, ingawa nazo hukosea. Ninachokiogopa ni kwamba hulainisha kila kitu. Mzee wa Mvumi na kijana wa Area C wanaanza kuongea kwa sauti moja, na misemo inaingia ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitamkwa. Ukiitumia, ikuonyeshe kosa tu. Kurekebisha ufanye mwenyewe.

Hakimiliki, COSOTA na ISBN

Sasa lile swali la kuibiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya fasihi kwa sababu tu imetungwa. Ulipoandika riwaya yako, hakimiliki ilizaliwa nayo, iwe umejisajili mahali au hukujisajili, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Tanzania pia ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na ndiyo maana nchi nyingine wanachama nazo zinapaswa kuiheshimu haki hiyo. COSOTA, ambayo ndiyo Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, husajili kazi, na usajili huo una faida halisi: ukitokea mgogoro, una ushahidi wa maandishi kutoka ofisi ya umma. Ni ushahidi wa haki ambayo tayari unayo.

Sheria hailindi wazo. Binti anayejaribu kuokoa shamba la babu yake ni mali ya kila mtu. Watu kumi wanaweza kuliandika na wote wakawa salama. Kinacholindwa ni namna ulivyoliandika wewe. Kwa hiyo hofu ya kumwonyesha mhariri imezidi mipaka, na inawagharimu watu. Tunza rasimu zako zenye tarehe, mtumie mhariri kwa barua pepe badala ya kumpa faili kwenye flashi, andikianeni makubaliano mafupi, na umwachie afanye kazi.

ISBN ni jambo jingine kabisa. Ni namba ya utambulisho wa kitabu, yenye tarakimu 13 tangu mwaka 2007, ili mwenye duka, mkutubi na msambazaji wajue wanazungumzia kitabu kipi. Hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukiona 978 ikifuatiwa na 9976 au 9987, namba hiyo imetolewa Tanzania. Haikupi hakimiliki, haithibitishi kwamba kitabu ni kizuri, na wala haikukingi na wezi wa nakala. Toleo la karatasi na toleo la kielektroniki kila moja huchukua namba yake; ukirudia kupiga chapa kitabu kile kile bila kukibadilisha, namba inabaki ile ile. Kwa kuwa huombwa kwa jina la kitabu lililokwisha amuliwa, hakuna sababu ya kuikimbilia wakati bado unabadilisha sura.

Wapo pia wanaodhani riwaya lazima ipitishwe na Wizara ya Elimu kabla ya kuuzwa. Ithibati ya Kamishna wa Elimu inahusu vitabu vinavyotumika kufundishia shuleni. Ukitaka riwaya yako iingie darasani, hiyo ndiyo njia, na ni ndefu. Ukitaka isomwe na watu wa kawaida, hilo halikuhusu.

Fedha inatoka mfukoni mwa nani?

Hili ndilo swali la kuwatambua wachapishaji. Mchapishaji wa kawaida hakutozi kitu. Anagharimia uhariri, usanifu wa jalada, chapa na usambazaji, kisha anakulipa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo. Tanzania Publishing House iliyoanzishwa 1966 na Mkuki na Nyota iliyoanzishwa 1991 ni miongoni mwa majina yanayojulikana, na yote mawili yako Dar es Salaam. Hapa Dodoma ipo Central Tanganyika Press, iliyojijengea jina kwa vitabu vya dini. Natoa mfano huo kwa sababu kila mchapishaji ana aina yake ya vitabu. Kabla hujatuma riwaya ya upelelezi, pita dukani au maktaba ya mkoa ukaangalie nani ametoa riwaya za namna hiyo miaka ya karibuni, ujue mlango wa kubisha.

Ukituma, tuma barua fupi, muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili, na sura tatu za mwanzo, isipokuwa kama wameomba vingine. Waandishi wengi hukata muhtasari kabla ya mwisho ili kumpa mchapishaji hamu. Usifanye hivyo. Anataka kujua kama unaweza kuimaliza hadithi, na atajua tu ukimwambia imeishaje.

Kampuni inayojiita mchapishaji kisha ikakutumia ankara inakuuzia huduma. Si lazima wawe matapeli. Huduma nzuri ina bei yake. Lakini ukishalipia kila kitu, waulize kwa nini bado wabaki na haki za kitabu na sehemu ya mauzo. Jibu likiwa na maneno mengi yasiyoeleweka, ondoka.

Mkataba usome wote, tena na mtu mwingine. Mrabaha unaotajwa mara nyingi ni asilimia 10, lakini asilimia 10 ya nini? Kitabu cha shilingi 10,000 kikihesabiwa kwa bei ya dukani, unapata 1,000 kwa kila nakala. Kikihesabiwa kwa kiasi anachokipata mchapishaji baada ya kumpunguzia mwenye duka asilimia 40, unapata 600. Ni mstari mmoja tu wa mkataba. Angalia pia ni lini utaletewa taarifa ya mauzo, kama haki za filamu, tafsiri na usomaji wa sauti zimechukuliwa zote, na haki zitakurudia vipi kitabu kikiisha sokoni na wao wasikipige chapa tena. Kifungu hicho cha mwisho watu hukiruka, na matokeo yake mwandishi anakaa miaka mingi na kitabu ambacho hakipo popote na ambacho hawezi kukitoa upya.

Kwa anayejichapishia, hesabu ianze kabla ya mashine. Tuseme, kwa mfano tu, nakala 300 zinakugharimu shilingi 6,000 kila moja. Hiyo ni 1,800,000. Unauza 10,000, mwenye duka anachukua asilimia 30, wewe unabaki na 7,000. Utahitaji kuuza nakala 258 ndipo urudishe fedha ya chapa peke yake, kabla hujamhesabia mhariri wala msanifu wa jalada. Ukiuza mkono kwa mkono pale Nyerere Square au kwenye makongamano, utarudisha mapema zaidi, lakini muda wako nao ni gharama. Mashine ya ofseti huhitaji sahani za kupigia chapa kutengenezwa kwanza, kwa hiyo nakala chache ni ghali na nyingi hushuka bei. Mashine ya kidijitali hutoza karibu sawa kwa nakala ya kwanza na ya mia. Kwa kitabu cha kwanza cha mtu asiyejua kitauzika kiasi gani, ningeanza na kidijitali, nakala chache, hata kama bei ya kila moja inaumiza.

Tahadhari kwa wanaoweka hadithi mitandaoni sehemu kwa sehemu. Ni njia nzuri ya kupata wasomaji, na wapo wanaopata riziki kwa kuuza nakala laini kwa malipo ya simu. Lakini tuzo zinazotaka mswada ambao haujachapishwa zinaweza kuihesabu hadithi iliyowekwa Facebook kuwa imeshachapishwa. Masharti hutofautiana. Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ikaitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea miswada na hata vitabu vilivyotoka ndani ya miaka miwili iliyotangulia, lakini tuzo nyingine haziruhusu. Soma masharti ya mwaka husika kabla hujabandika sura ya kwanza.

Kabla mashine haijawaka

Mswada wa maneno 50,000 ukipangwa kwenye ukubwa wa A5 hutoa kurasa kama 180 hadi 200, kutegemea herufi na nafasi. Jalada haliwezi kukamilishwa kabla idadi hiyo haijajulikana, kwa sababu upana wa mgongo wa kitabu unategemea wingi wa kurasa na unene wa karatasi. Anayeanza kwa kusanifiwa jalada hulilipia tena baadaye.

Kurasa zikishapangwa, mwombe mpiga chapa nakala moja ya mfano, ya karatasi, iliyojalidiwa. Usikubali kuonyeshwa kwenye simu. Isome yote ukiwa na rula chini ya kila mstari, kisha mpe mtu ambaye hajawahi kuuona mswada huo naye aisome. Angalia kama namba za kurasa zinafuatana, kama kila sura imeanza panapotakiwa, kama jina lako limeandikwa sawa kwenye mgongo na ndani, kama maneno ya upande wa ndani hayajamezwa na gundi. Ukiona kasoro, irekebishe kwenye faili, omba nakala nyingine ya mfano, na hapo ndipo utie saini ya kuruhusu chapa.